Kitabu cha Bustani Nacho Kina Kwao

Mwaka wa 2008, baada ya zile fujo za uchaguzi, familia nyingi zilirudi upande huu wa ziwa kutoka Naivasha, Nakuru na kwingineko. Tunasema "zilirudi" kwa mazoea tu. Wengi wao, hasa watoto na mabibi, walikuwa hawajawahi kuishi hapa hata mwezi mmoja. Kwao, Homa Bay na Migori zilikuwa kama nchi nyingine.

Kati ya waliokuja ofisini kwetu alikuwa mama mmoja ambaye mumewe alimleta mpaka boma la wazazi, katika kijiji cha Karachuonyo si mbali na Kendu Bay. Alizaliwa Naivasha, akasoma Naivasha, akaolewa Naivasha. Majirani wakamwita nyar Naivasha, binti wa Naivasha, na jina likamganda. Kulima hakukuwa kugeni kwake. Huko alikotoka alikuwa akikodi kashamba upande wa juu, kuelekea Kinangop, na kabichi zake ndizo zilizokuwa zikilipa karo. Basi hakuomba chakula wala blanketi. Aliomba kitabu.

"Kulima najua," alituambia, "lakini udongo huu sijauzoea. Nipeni kitabu cha bustani nisome."

Tulimpa. Tulikuwa na katoni nzima ya vijitabu vya bure, vyenye picha safi na Kiswahili chepesi. Tulivigawa tukifurahi, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua ukurasa wa pili kuangalia viliandikiwa wakulima wa wapi. Hilo lilikuwa kosa letu, na ndilo linalotufanya tuandike makala haya.

Yule mama alikopa shilingi 6,000 kutoka kwa kikundi cha akina mama. Akaagiza mbegu za viazi kutoka nyanda za juu, akanunua mbegu za kabichi, akatenga kipande cha mahindi. Alifuata kitabu neno kwa neno: nafasi kati ya mashimo, kiasi cha mbolea, mwezi wa kupanda. Viazi vilitoa majani ya kupendeza, lakini alipochimba alipata vitu kama gololi za watoto. Mashina mengine yalinyauka mchana kweupe yakiwa bado ya kijani. Huo ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaopenda sehemu za joto. Kabichi zilitandaza majani zikakataa kufunga. Mahindi, aina ile inayokaa shambani miezi saba au minane, yalidumaa yakiwa magotini, na katikati yake kukachipuka maua madogo ya zambarau. Watoto waliyapenda. Waliyachuma, wakayatia ndani ya kikombe cha maji wakayaweka mezani. Mama mwenyewe alipopalilia alikuwa akiyakwepa kwa jembe, maana yalimpendeza.

Siku moja bibi mmoja mzee wa boma la jirani akapita njiani, akasimama, akashika kichwa.

"Nyathina, hiyo ni kayongo! Wewe unailea?"

Tulipopata habari tulikipekua kile kijitabu kutoka jalada mpaka jalada. Neno kayongo halikuwemo, kwa jina hilo wala kwa jina lingine lolote. Deni la shilingi 6,000 lilikuwepo.

Umbali wa kwenda chini

Kutoka Kinangop hadi Kendu Bay mtu husafiri kwa matatu siku moja akafika. Mbegu nayo husafiri hivyo hivyo, ila yenyewe haijui kwamba imehama. Ziwa letu liko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890, na Kinangop inapita mita 2,400. Kila unaposhuka mita 100, joto huongezeka zaidi kidogo ya nusu digrii. Ukishuka kutoka Kinangop mpaka ufuoni mwa ziwa umeongeza kama digrii saba au nane. Kwa mtu hiyo ni kuvua sweta tu. Kiazi kinahitaji usiku wa baridi ili kiweke chakula chake chini; usiku ukiwa na joto kinajaza majani. Kabichi nyingi nazo zinataka ubaridi ndipo zifunge. Njegere ndiyo kabisa.

Kwa hiyo kitabu kile hakikuwa cha uongo. Kilisema kweli, lakini kweli ya mahali pengine.

Si sisi wa kwanza kupatwa na jambo hili. Walowezi wa Kizungu walipofika Kenya walibeba vitabu vya bustani kutoka Uingereza, vitabu vinavyogawa mwaka kwa majira manne, vinavyokuambia upande baada ya theluji kuyeyuka. Theluji gani? Karibu na ikweta mwaka unagawanywa na mvua na jua. Mwishowe wakaona heri waandike chao. Mwaka wa 1934 kikatoka kitabu kiitwacho Gardening in East Africa, kilichohaririwa na daktari A. J. Jex-Blake kwa ajili ya chama cha wakulima wa bustani cha Kenya, na kikachapwa tena mara kadhaa hadi miaka ya 1950. Hapo tunawapa haki yao: walielewa kwamba mtu akihamia nchi mpya anahitaji kitabu kipya. Lakini kilikuwa kitabu cha walowezi, wenye nyumba za mawe na mtu wa kumwagilia maua. Mama wa Karachuonyo hangepata humo habari za boma lake.

Tena vitabu vya zamani vina hatari nyingine, nayo ni dawa. Kitabu cha miaka ya 1950 kinaweza kukushauri unyunyize DDT au dieldrin kwenye mboga bila wasiwasi wowote. Kenya ilipiga marufuku DDT katika kilimo mwaka wa 1986. Kwa hiyo ukiokota kitabu cha bustani pale kwenye vitabu vya mitumba, angalia mwaka wa kuchapwa kwanza. Mafunzo ya kuchimba, kupalilia na kutengeneza mboji hayazeeki upesi. Ukurasa wa dawa huzeeka, na unaweza kuua mtu.

Kiswahili kimoja, mvua mbalimbali

Watu wengi hudhani kitabu kikiwa cha Kiswahili basi ni cha kwetu. Hapa Migori, kwa kuwa mpaka wa Isebania uko karibu, vitabu vya Tanzania vinaingia, na vingi ni vizuri sana, vimeandikwa kwa lugha safi kuliko vyetu. Lakini Tanzania ni kubwa. Kitabu kinachotaja masika na vuli kinazungumza na watu wenye mvua mara mbili kwa mwaka, na hao wanakaribiana na sisi wenye chwiri na opon. Kitabu kilichoandikiwa mkulima wa Mbeya au Iringa kinahusu nchi yenye msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili au karibu na hapo. Ukikifuata hicho hapa utapanda mahindi Desemba, mvua ya opon ikiwa inaaga, na Januari utasimama ukiyatazama yakikauka. Maneno umeyaelewa yote, shamba halikuelewa hata moja.

Vitabu kutoka Afrika Kusini navyo huuzwa Nairobi, vina picha za kuvutia. Huko baridi ni Juni na Julai, na majira ya kupanda huanza Septemba. Usipande kwa miezi yao.

Halafu kuna jambo la urefu wa mchana ambalo hata sisi lilitushangaza tulipofundishwa. Tumewaona vijana wa kujitolea kutoka Ulaya wakija na mbegu za vitunguu za kwao, wanapanda kwa bidii, wanamwagilia, na vitunguu vinatoa majani marefu kama nyasi bila kuweka kichwa. Watu wakasema udongo ni mbaya. Kumbe vitunguu vingi vya Ulaya ya kaskazini husubiri mchana uwe mrefu, saa 14 au zaidi, ndipo viweke kichwa. Hapa kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, unabadilika kwa dakika chache tu. Kile kitunguu kinasubiri siku ambayo haitakuja. Mbegu zinazouzwa madukani hapa, kama Red Creole na Bombay Red, ni za mchana mfupi, ndiyo maana zinafanya vizuri.

Hata ndani ya kaunti zetu mbili, usiseme "kwetu" haraka haraka. Upande wa Rongo, Awendo na Kuria kuna mvua nyingi na hewa ya ubaridi kiasi; ndiyo maana utaona miwa, na huko juu Kuria hata ndizi na kahawa. Ukishuka Mbita, Gembe au sehemu za chini za Nyatike, mvua inapungua na jua linachoma. Kijitabu kilichoandikwa "kwa wakulima wa Nyanza" huenda mwandishi alikuwa akiwaza Kisii, kwenye chai na viazi, kilomita chache tu kutoka hapa lakini mamia ya mita juu yetu.

Kuna kitabu kimoja kikubwa kilichojaribu kumaliza mabishano haya. Kinaitwa Farm Management Handbook of Kenya, kimeandikwa na Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt, wakafanya kazi na Wizara ya Kilimo, na toleo la kwanza lilitoka mapema miaka ya 1980. Baadaye kilirekebishwa. Kimegawa nchi katika kanda kufuatana na joto na mvua, na kila ukanda umepewa jina la zao linaloufaa: ukanda wa miwa, ukanda wa pamba, ukanda wa pamba ya kubahatisha, na kadhalika. Kwa mvua, kinaonyesha ni kiasi gani unaweza kutegemea katika miaka mingi, si ile mvua ya mwaka mmoja wa baraka. Ni kitabu cha Kiingereza, kizito, kimejaa majedwali. Hatumshauri mtu akinunue. Nenda kwa afisa wa kilimo wa wadi yako, au kituo cha mafunzo ya wakulima kama Miyare kule Migori, umuulize swali moja: "Boma langu liko ukanda gani?" Ukishajua, andika kwenye kipande cha karatasi ukiweke ndani ya Biblia au mahali usipopoteza. Siku ukipewa kijitabu chochote, au ukinunua pakiti ya mbegu, utakuwa na kitu cha kulinganisha.

Udongo nao hausomi kitabu. Kijitabu chetu kilisema: inua tuta. Kwenye udongo mweusi wa kunata, kama wa Lambwe na sehemu za Kendu, hilo ni shauri zuri, maana mvua ikija maji yanasimama na mizizi inaoza. Lakini kwenye mchanga wa Mbita tuta lililoinuliwa linakauka kama mkate uliosahauliwa jikoni. Huko inafaa kuchimba kitanda kishuke chini ya usawa wa ardhi, maji ya mvua na ya kumwagilia yakae humo. Shauri moja, sehemu mbili, matokeo mawili.

Sasa turudi kwenye kayongo

Kayongo tunaiandikia zaidi kwa sababu ndiyo iliyomla yule mama, na ndiyo inayowala wengi wanaotoka nyanda za juu. Huko juu kwenye baridi haipo, kwa hiyo vitabu vya huko haviitaji na mgeni hana habari. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja unatoa mbegu maelfu kwa maelfu, na zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja. Mzizi wa mahindi, mtama au wimbi unapopita karibu unatoa majimaji yake, na hayo ndiyo huiamsha. Inajishikiza kwenye mzizi na kuanza kunyonya. Ukiliona ua la zambarau, ujue wizi ulishafanyika chini. Kwa hiyo kung'oa wakati wa maua hakuokoi mahindi ya mwaka huu. Kunaokoa shamba la miaka ijayo, ikiwa utang'oa kabla ya mbegu kukomaa na kudondoka. Na watoto wasibebe maua hayo kutoka shamba hadi shamba.

Dawa mojawapo nzuri imetoka hapa hapa nyumbani. Watafiti wa icipe pale Mbita, kile kituo kilichoanzishwa na marehemu Profesa Thomas Odhiambo, wakishirikiana na KARI na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walitengeneza katika miaka ya 1990 njia ya sukuma-vuta. Unapanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na nepia kuzunguka shamba. Desmodiamu ina kazi mbili. Harufu yake inawafukuza nondo wanaotaga mayai ya viwavi wa bua, na mizizi yake inatoa kitu kinachoiamsha kayongo kisha kuizuia isishike mzizi wa mahindi. Imeamka, haina chakula, inakufa. Nepia nayo inawavuta wale nondo waliofukuzwa wakatage huko pembeni. Yote mawili ni chakula cha ng'ombe, kwa hiyo mwenye ng'ombe hata mmoja anafaidika zaidi. Mbegu ya desmodiamu si ya bei rahisi na mwaka wa kwanza inataka palizi ya uangalifu. Tusidanganyane kwamba ni kupanda na kulala.

Vijitabu vya sukuma-vuta vina mwinuko wetu, wadudu wetu na magugu yetu. Ndiyo namna ya kitabu tunachotafuta.

Jaribio la dek

Akina mama wa vikundi walitufundisha njia ya haraka ya kupima kitabu cha bustani, na mpaka leo tunaitumia. Fungua nyuma, kwenye orodha ya mimea. Tafuta dek. Tafuta osuga, apoth, mitoo na majani ya kunde. Vitabu vya Kiswahili huenda vikaandika saga, managu au mrenda, si hoja. Kama hakuna hata mboga moja kati ya hizo, na kitabu kimejaa kolifulawa na stroberi, basi mwandishi hakuwa akikuwaza wewe. Unaweza kuchukua humo somo la mboji ukakiacha.

Kwa upande wa mboga na matunda ya kienyeji, kazi kubwa ilifanywa na Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa, waliotoa mwaka wa 1999 kitabu Traditional Food Plants of Kenya. Uzuri wake kwa mgeni ni kwamba majina yamewekwa kwa lugha nyingi za Kenya. Aliyekua akiita mboga kwa Kikuyu au Kikamba anaweza kujua Wajaluo wanaiitaje, akaenda sokoni akauliza bila aibu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango naye amefanya utafiti wa miaka mingi kuhusu mboga hizi, wakati wengine walikuwa bado wakiziita chakula cha maskini. Kwa masomo ya kila mwezi, jarida la The Organic Farmer lilianza Kenya mwaka wa 2005, na ndugu yake wa Kiswahili, Mkulima Mbunifu, akafuata Tanzania mwaka wa 2011. Hata hayo yasome ukiwa na kile kikaratasi cha ukanda wako mkononi.

Kuna mambo ambayo bado hatujayaona katika kitabu chochote. Mathalani kiboko. Mtu mwenye bustani ya nyanya ufuoni anaweza kusoma maktaba nzima, akalala, akaamka akute hakuna bustani.

Daftari la nyar Naivasha

Tuseme kilichofuata. Kikundi kilikaa, kikakubali mama alipe deni polepole, na sisi tukachangia sehemu, kwa kuwa kitabu kilitoka mikononi mwetu. Kulikuwa na maneno. Mama mmoja alisema wazi mbele yetu, "Nyinyi watu wa ofisi mnaleta karatasi, sisi tunaleta pesa." Hatukuwa na jibu.

Kisha yule bibi mzee aliyeiona kayongo akamchukua mgeni kama binti yake. Mgeni akanunua daftari la kurasa 96. Kila alichoambiwa alikiandika, pamoja na tarehe na kile alichokiona kwa macho yake. Dani alimwonya asiangalie chwiri kwenye kalenda ya ukutani. Mvua moja kubwa ya Februari inaweza kuwa ya kudanganya, alisema, na anayekimbilia kupanda siku hiyo atapanda mara mbili. Akamwonyesha kitalu kinawekwa chini ya mti gani ili miche isiungue saa nane mchana, ni sehemu gani ya shamba ina mchwa, na kwa nini rabuon, viazi vitamu, vifuate mahali kayongo ilipokuwa mwaka jana: kayongo haishambulii viazi vitamu.

Kufikia chwiri ya 2010 alikuwa akiuza dek na osuga sokoni Kendu Bay, na deni lilikuwa limekwisha. Familia nyingine zilizotoka Nakuru na Naivasha zikaanza kuja kunakili daftari kwa mkono. Tukalichapa, kurasa 11, tukatoa fotokopi.

Hapa tungependa kusema kwamba hatukurudia kosa, lakini tulirudia. Tulipeleka nakala hizo kwa kikundi kimoja cha Nyatike, tukijisifu kwamba safari hii tumeleta kitabu cha nyumbani. Wakatuuliza kwa upole: mbona kinasema tumwagie maji ya kisima, na hapa kisima kina chumvi? Tukazirudisha kwenye gari.

Walio mbali zaidi

Wazazi wengi hapa wana watoto Marekani au Uingereza, na simu zinazokuja siku hizi ni zile zile: "Mama, nitumie mbegu za dek." Shida yao ni ya nyar Naivasha iliyokuzwa mara kumi. Aliye Minnesota, kwa mfano, hawezi kupanda nje mboga zinazopenda joto mpaka katikati ya Mei hivi, baridi kali inapokwisha, na anayo miezi michache tu kabla haijarudi. Ataambiwa aangalie ramani ya kanda iliyotolewa na idara ya kilimo ya Marekani, ambayo ilirekebishwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Aiangalie, lakini ajue ramani hiyo inasema jambo moja tu, baridi ya mwisho kabisa wakati wa kipupwe. Inamfaa anayepanda mti wa kukaa miaka. Kwa mboga ya miezi miwili, la kuuliza ni tarehe ya mwisho ya jalidi mahali alipo. Huko kila jimbo lina chuo kikuu chenye watu wa ugani, mpango ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1914, na vijitabu vyao vinaandikwa kwa jimbo lenyewe. Aanzie hapo, asianzie kwenye kitabu cha duka.

Akitaka sukuma wiki, ndugu yake wa karibu anauzwa huko kwa jina la collards. Vitunguu anunue mbegu za huko huko: mwezi wa Juni mchana wao unapita saa 15, na Bombay Red yetu itaharakishwa kuweka kichwa ikiwa bado changa. Ni kinyume kabisa cha wale vijana wa kujitolea.

Na tafadhali, wazazi, msifiche mbegu ndani ya bahasha au kwenye unga wa wimbi. Kila nchi ina sheria zake za kuingiza mbegu, na mtoto wako ndiye atakayeulizwa uwanja wa ndege. Aulize kwanza kule aliko wanataka karatasi gani. Cheti cha afya ya mimea kwa upande wetu hutolewa na KEPHIS.

Nakala za daftari la Karachuonyo bado ziko ofisini, hazilipiwi. Ni za watu wa ufuoni kati ya Kendu Bay na Homa Bay. Anayetoka Nyatike, Kuria au Rongo hatutampa. Tutampa daftari tupu la kurasa 96 na kalamu, na jina la mzee mmoja wa upande wake aliyekubali kuulizwa maswali.